Kilele kilifikiwa, mazoezi yakaharibika: uchambuzi wa siku moja ya mlima

Ukiisoma haraka karatasi ya siku ile, utasema mambo yalikwenda vizuri. Kilomita 18 kwenda na kurudi, mita 1,400 za kupanda na nyingine 1,400 za kushuka, kilele kimefikiwa saa 5:00 asubuhi, watu watatu wameondoka na watatu wamerudi. Lakini matembezi hayo yalifanywa ili kuuandaa mwili kwa safari kubwa zaidi, na kwa kipimo hicho yalishindwa. Mmoja wa wale watatu, ambaye kisa hiki kinamhusu, alikaa siku tisa bila kuweza kufanya zoezi lolote la maana, na siku zilizokuwa zimebaki kabla ya safari ni 35 tu. Robo ya muda wa mwisho ilitumika kuuguza mapaja.

Maumivu yote yalitokea wakati wa kushuka. Chanzo chake, kama itakavyoonekana, kilikuwa saa ya kwanza ya kupanda.

Mpandaji na safari yake

Umri ni miaka 43, uzito kilo 72, kazi ya kukaa mezani. Kwa miezi minne alikuwa akikimbia kilomita 8 mara tatu kwa wiki kwenye njia tambarare, na mara mbili kwa wiki akipanda ngazi za jengo refu, kisha anashuka kwa lifti na kuanza upya. Hilo la lifti likumbukwe, tutalirudia. Matembezi yake marefu zaidi kabla ya siku hii yalikuwa ya saa tano, shanta ya kilo 8, mteremko wa mita 500.

Safari aliyokuwa akijiandalia ni ya siku saba kwa miguu, kilomita 95 kwa jumla, shanta ya kilo 11. Siku ya nne ndiyo nzito: kilomita 21, kupanda mita 1,450, kushuka mita 1,600. Usiku miwili ni ya kulala juu ya mita 3,000, wa juu kabisa ukiwa mita 3,600.

Kwa hiyo mlima waliouchagua ulifaa. Njia inaanzia mita 900 na kuishia kileleni mita 2,300. Kilomita sita za kwanza ni za mwinuko wa taratibu, mita 700. Tatu za mwisho zinapanda mita 700 nyingine juu ya mawe na changarawe, mwinuko wa zaidi ya nyuzi 13. Kasoro haikuwa kwenye mlima.

Mpango

Muda ulikadiriwa kwa kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeiandika mwaka 1892, ambayo bado ina kazi: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 9 ni saa 1 na dakika 48. Mita 1,400 ni saa 2 na dakika 20. Jumla ya kwenda juu ni saa 4 na dakika 8. Kurudi wakahesabu saa 1 na dakika 48, wakaongeza mapumziko, wakazungusha jumla ya siku hadi muda wa saa nane. Kuondoka saa 12:30 asubuhi, kurudi saa 8:30 mchana.

Hesabu ya kurudi ilikuwa na tundu. Naismith mwenyewe hakuweka nyongeza kwa kushuka, na watu wengi huishia hapo. Eric Langmuir, mpanda milima wa Uingereza, aliirekebisha baadaye: kwenye mteremko mkali, unaozidi nyuzi 12, ongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka. Kipande cha juu peke yake kingeongeza zaidi ya dakika 20. Si nyingi, ila kanuni zote hizi zinamfikiria mtu mwenye miguu mizima na mzigo mwepesi, na hapa hapakuwa na hata kimoja.

Shanta ilipimwa kilo 14: kilo 6 za mchanga kwenye vifuko, lita 3 za maji, kilo 5 za nguo, chakula na vifaa. Mantiki ilikuwa ya kawaida: ukiweza 14, ile 11 itakuwa mchezo. Mantiki hiyo huvutia na ndiyo iliyoangusha wengi. Hesabu ni vitu vingapi vilibadilika kwa mpigo mmoja. Mzigo kutoka 8 hadi 14. Mteremko kutoka mita 500 hadi 1,400, karibu mara tatu. Muda kutoka saa tano hadi nane. Juu ya yote, soli mpya za ndani ya viatu, zilizonunuliwa wiki ileile. Ukibadilisha manne na goti likauma, huwezi kujua ulaumu lipi.

Siku yenyewe

Aliyekuwa na kasi kuliko wote ndiye aliyetangulia. Njia laini, hewa ya asubuhi, miguu mipya. Mita 700 za kwanza zilikwisha kwa saa 1 na dakika 55, wakati kanuni iliwapa saa 2 na dakika 22. Saa ya mkononi ya mhusika ilisoma mapigo 158 kwa dakika kwa sehemu kubwa ya kipande hiki, na upeo wake uliowahi kupimwa ni 178. Hiyo ni asilimia 89. Mtu hawezi kudumu hapo siku nzima, na kuna kipimo kisichohitaji saa yoyote: kama huwezi kumaliza sentensi ndefu bila kuikata kwa pumzi, umekimbilia mno. Katika kipande hicho mazungumzo yalikufa mapema, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kilometa ya nne kisigino cha kushoto kilianza kuwaka. Hakusimama, maana wenzake walikuwa mbele.

Kipande cha juu kilichukua saa 2 na dakika 35 badala ya saa 1 na dakika 46. Kutoka mwendo wa mita 365 za kupanda kwa saa, alishuka hadi 270. Dakika 27 alizoziokoa asubuhi alizirudisha na riba ya dakika 22. Fimbo zake mbili za kutembelea zilikuwa zimefungwa ubavuni mwa shanta muda wote.

Kileleni palikuwa na upepo. Alikuwa amevaa fulana ya pamba iliyoloa chapachapa. Kanuni ya hewa ni kwamba joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kabla hata ya kuhesabu upepo palikuwa na baridi kuliko chini kwa nyuzi 9. Alitetemeka, akavaa koti juu ya fulana mbichi, akala nusu ya mkate, akasema tushuke. Dakika 20 tu. Hakubadilisha nguo, hakufungua viatu, hakuzirefusha fimbo.

Kushuka kulichukua saa 4 na dakika 10, karibu sawa na kupanda. Mapaja yalianza kutetemeka kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, kabla hata mawe hayajaisha. Kipande cha juu peke yake: saa 1 na dakika 50. Kisha, jambo ambalo wasiozoea milima hulishangaa, alianguka mara mbili, na zote mbili katika kilomita tatu za mwisho, kwenye njia laini. Juu kwenye mawe mtu anaangalia kila hatua. Chini akili imekwisha kufika nyumbani, mguu haunyanyuki vya kutosha, mzizi wa sentimita tatu unatosha. Walifika saa 9:30 alasiri, wamechelewa kwa saa nzima. Hakuna aliyekuwa na tochi ya kichwani, wala hapakuwa na saa waliyokubaliana kwamba ikifika wanageuka popote walipo. Jua liliwasitiri.

Hesabu ya maji na chakula

Hapa kuna namba nzuri, kwa sababu alijipima asubuhi na jioni bila viatu wala nguo zilizoloa. Asubuhi kilo 72.0, jioni 69.6. Alikunywa lita 1.6 kati ya lita 3 alizobeba, akala kama gramu 400, akakojoa mara moja. Ukiunganisha hayo, kilichotoka kwa jasho na pumzi ni kama lita 4.1, yaani karibu nusu lita kwa saa. Amepoteza asilimia 3.3 ya uzito wa mwili. Ikizidi asilimia 2 watu wengi huanza kuona kazi ileile ikiwa nzito zaidi. Na lita 1.4 za maji zilirudi chini zikiwa mgongoni, mzigo safi usio na faida.

Kwa nini hakunywa? Chupa zilikuwa ndani ya shanta. Kunywa kulihitaji kusimama, kusimama kulimaanisha kuachwa. Tusitafute sababu ya kina zaidi ya hiyo.

Chakula ndicho kilichomwangusha zaidi. Kwa saa tisa alikula takriban gramu 95 za wanga, kama gramu 10 kwa saa. Kwa kazi ndefu ya namna hii kiwango kinachoshauriwa ni gramu 30 hadi 60 kwa saa. Fikiria upande wa matumizi: mwili, nguo na shanta ni kama kilo 89. Kuzinyanyua mita 1,400 ni kazi ya takriban kilokalori 290, na kwa kuwa misuli hugeuza kama robo tu ya nishati kuwa kazi, mwili hulipa karibu 1,170 kwa kwenda juu peke yake, bila kuhesabu kilomita za mlalo wala za kurudi. Alichokula kilikuwa kama 380. Akiba ya wanga kwenye misuli na ini ya mtu wa kawaida ni gramu 400 hadi 500, na mapigo ya 158 huichoma kwa haraka, kwa sababu kadiri juhudi inavyopanda ndivyo mwili unavyoegemea wanga na kuacha mafuta. Alipofika kileleni ghala lilikuwa limekaribia sakafu.

Mnyororo sasa unaonekana. Mwendo wa asubuhi ulizaa jasho jingi, jasho likailowesha fulana, fulana ikaleta baridi, baridi ikafupisha mapumziko, na mapumziko mafupi yakamnyima chakula, nguo kavu na dakika tano za kufunga viatu upya. Akaanza kushuka akiwa mtupu.

Kwa nini kushuka kunavunja

Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ikijifupisha. Unaposhuka, misuli hiyohiyo hufanya kazi ikirefushwa: inazuia mwili usiporomoke huku goti likikunja. Kazi ya namna hii haichoshi pumzi, ndiyo maana mtu hujiona yuko sawa, lakini hupasua nyuzi ndogo za misuli kuliko kupanda. Maumivu hayaji siku hiyo. Hufika kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Mhusika alishuka ngazi kwa ubavu, ameshika ukuta, asubuhi ya pili na ya tatu.

Sasa turudi kwenye lifti. Miezi minne ya kupanda ngazi ilimjengea moyo na mapafu, na misuli iliyojua kujifupisha tu. Kwenye ngazi hizo, kushuka hakukuwahi kufanyiwa mazoezi hata siku moja. Kama angezitembea zile ngazi kurudi chini, kisa hiki kingekuwa kifupi zaidi.

Mzigo nao ulikuwa wa aina mbaya. Mchanga haumwagiki kirahisi ukapotea, na kuubeba kurudi kulimaanisha kilo 6 za ziada katika kila hatua ya kushuka, pale miguu ilipokuwa dhaifu zaidi. Wazoefu hubeba uzito wa mazoezi kwa maji: chupa za lita moja na nusu, zinapandishwa hadi juu, zinamwagwa. Mapafu yanapata adhabu yao na magoti yanasamehewa. Tena vifuko vya mchanga vilikaa chini kabisa ya shanta na vilikuwa vikicheza. Kitu kizito hukaa karibu na mgongo, katikati ya mabega na kiuno, kimebanwa na nguo kisitikisike. Mkanda wa kiunoni ukalie ncha za mifupa ya nyonga na ubebe sehemu kubwa ya uzito. Wake ulikuwa juu ya tumbo.

Viatu: mguu huvimba baada ya saa kadhaa, na kwenye mteremko hutelezea mbele. Kamba zilizofungwa asubuhi kwa ajili ya kupanda huwa zimelegea. Ukucha wa dole gumba la kulia uligonga ncha ya kiatu maelfu ya mara ukageuka mweusi. Dawa yake ni ya kileleni: fungua kamba zote, gonga kisigino chini mara mbili ili kirudi nyuma kabisa, kaza sehemu ya kifundo, tumia tundu la ziada la juu kutengeneza kitanzi kila upande na upitishe kamba ndani ya kitanzi cha upande wa pili kabla ya kuvuta. Kucha ziwe zimekatwa siku mbili tatu kabla. Lengelenge la kisigino cha kushoto lilikuwa na chanzo kingine, soli mpya iliyoinua mguu milimita chache na kufanya kisigino kisugue mahali pageni. Plasta inayobandikwa mara tu sehemu inapoanza kuwaka huchukua dakika tatu. Kuisubiri kulimgharimu wiki.

Fimbo alizitoa akiwa tayari anatetemeka, zikiwa na urefu wa kupandia. Kwenye tambarare kiwiko kinakunja nyuzi 90. Kwa kushuka ongeza sentimita 5 hadi 10, na ncha itue mbele ya mguu kabla ya mguu wenyewe. Fimbo hupunguza mzigo wa magoti, ila haziwezi kurejesha misuli iliyokwisha kuchoka.

Onyo moja kwa atakayepatwa na maumivu kama haya: mapaja kuuma ni kawaida, mkojo kuwa na rangi ya soda nyeusi si kawaida. Ni dalili kwamba misuli iliyovunjika inazidi uwezo wa figo kuchuja. Huko ni hospitali siku hiyohiyo. Mhusika hakufika hapo.

Kuhusu hewa nyembamba

Mmoja wao alitetea siku ile kwa hoja kwamba angalau wamezoea mwinuko. Hapana. Dakika 20 kwenye mita 2,300 hazimzoeshi mtu kulala mita 3,600. Mwili huzoea kwa siku kadhaa za kukaa na kulala juu, na mazoea hayo hupotea ukikaa chini kwa wiki chache. Kinachofanya kazi kiko kwenye ratiba ya safari yenyewe: juu ya mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na weka siku ya ziada kila baada ya siku tatu au nne. Mtu mwenye pumzi za mwanariadha huugua mwinuko sawasawa na mwingine, pengine mapema, kwa vile anapanda haraka.

Marudio

Alirudi mazoezini siku ya kumi, kwa kutembea tambarare tu. Siku ya 12 alipanda ngazi zilezile akashuka kwa miguu, bila mzigo, mara chache. Swali lilikuwa kama aurudie mlima au auache. Hoja ya kuurudia ni nzuri: misuli iliyoumizwa na mteremko mmoja hujilinda, na kwa wiki kadhaa mteremko wa pili wa namna ileile huiumiza kidogo sana. Siku ile mbaya iliacha faida hiyo, nayo ingeyeyuka bila kutumiwa. Marudio yakawekwa siku ya 16, siku 19 kabla ya kuondoka. Karibu zaidi ya wiki mbili nisingeshauri, kwani mwili unahitaji muda wa kukusanya nguvu.

Njia ileile, saa ileile. Shanta kilo 11: vifaa na chakula 5.5, maji ya kunywa lita 2.5, maji ya kumwaga lita 3. Soli za zamani. Fulana ya kitambaa kinachokauka haraka na nyingine kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Fimbo mkononi tangu mwanzo. Chupa moja kwenye mfuko wa ubavuni, inakofikiwa na mkono bila kusimama. Chakula kidogo kila dakika 40, njaa iwepo isiwepo, kufikia gramu 40 za wanga kwa saa: zabibu kavu, mkate wenye asali, biskuti, na karanga za chumvi kwa ajili ya sodiamu inayotoka na jasho. Kunywa maji matupu mengi kupita jasho nako ni hatari, huishusha sodiamu ya damu. Mtu akirudi na uzito kuliko alioondoka nao, amekunywa mno. Mwendo ulipangwa na aliye wa polepole zaidi, akatangulia yeye. Saa ya kugeuka iliwekwa saa 6:00 mchana.

Kipande cha chini: saa 2 na dakika 20, mapigo kati ya 130 na 138. Kipande cha juu: saa 2 na dakika 5. Kileleni saa 4:55, yaani dakika tano tu mapema kuliko mara ya kwanza, ila safari hii alikaa dakika 35, akabadilisha fulana kabla ya jambo lolote, akala, akafunga viatu upya, akamwaga lita tatu. Shanta iliyoshuka ilikuwa kilo sita na ushei.

Kuna watakaosema kwamba safari itamtaka ashuke na kilo 11, basi afanye mazoezi na 11. Ni kweli, kwa mtu ambaye tayari ameshuka mita 1,000 akiwa mwepesi na asubuhi ya pili akaamka akitembea kama kawaida. Yeye hakuwa amefika hapo.

Kushuka: saa 2 na dakika 35. Hakuanguka. Uzito ulipungua gramu 900, chini kidogo ya asilimia 1.3. Mapaja yaliuma siku moja, kwa kiasi cha kukumbusha tu, na siku ya tatu alikimbia zile kilomita 8.

Jambo moja lilibaki. Mkanda wa kiunoni, sasa ukiwa mahali pake, ulimchubua ngozi ya nyonga ya kulia, pale ambapo mshono wa suruali ulipita chini yake. Suruali ilibadilishwa kwa isiyo na mshono upande huo, ikajaribiwa kwa saa tatu na kilo 11 kamili kwenye mteremko wa mita 450, siku 12 kabla ya safari. Ngozi haikuchubuka, na mzigo ukabaki ulivyo.